Chini ya Saa Sita Kutoka Maskati

Mwanangu alifikisha miezi minane bila jina. Kwa kina mume wangu, mtoto wa kwanza hupewa jina na baba yake akiwa amempakata, na baba yake yuko Maskati, dereva wa familia ya watu. Hapa Kibondo majirani waliniita mama mtoto. Mama mtoto gani? Kila aliyezaa ni mama mtoto.

Mume wangu alipopata likizo ya wiki mbili nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Akapiga simu, haji.

"Mke wangu, huku ni mbali. Njia peke yake inakula siku sita kuja, sita kurudi. Nikae na nyie siku mbili?"

Nikalia, nikamwonea huruma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwonea huruma.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, na jiografia nilifaulu, lakini sikuwahi hata kuuliza. Wiki ile ile, nikiwa nanyonyesha, nikaandika kwenye simu: Maskati hadi Dar es Salaam kwa ndege. Ikaja: karibu kilomita elfu nne, chini ya saa sita. Nikadhani nimekosea mji. Nikaandika upya. Ni hizo hizo. Ongeza kulala Dar, ongeza basi la kuja huku, ni siku tatu na umejivuta.

Kesho yake nikambeba mtoto, nikapanda gari la Kasulu kwa mama mkwe. Nikamwonyesha simu.

"Simu inajua nini?" akasema. "Mimi nilikwenda Dar kwa treni, tukalala njiani mara mbili. Sembuse Uarabuni."

Shemeji yake, mwenye duka la vitenge, alikuwa kibarazani anakunywa chai. Yeye aliwahi kwenda Maskati kufuata mali ya duka.

"Shemeji, ndege ile walinipa chakula mara moja tu. Bado natafuta kijiko, tunaambiwa tufunge mikanda, tumefika."

Mama mkwe akampigia mwanawe, akaweka sauti ya nje.

"Baba, ndege ya kuja Dar ni mwendo wa saa ngapi?"

"Mama, mtandao mbaya. Sikusikii."

Akauliza tena, polepole, kama anayemwuliza mgonjwa.

"Haloo? Haloo?"

Mimi sikumwuliza chochote. Nilimpakata mwanangu, nikaisogelea simu, nikatamka jina nililokuwa nalo moyoni tangu mimba. Nikalitamka kwa sauti, nikasema kuanzia leo anaitwa hivyo.

"Nani kakuruhusu?" mume wangu akafoka.

"Mtandao umepona," mwenye duka akasema, akanywa chai yake.

Mama mkwe akakata simu. Hakunitazama. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamwita kwa jina lile mara moja, kwa sauti ya mtu aliyenuna, akaenda naye uani kumwosha vumbi la njiani.