Linki Nilizobeba Hadi Kishushe

Nikisoma chuoni Voi, kila makala niliyoipata kuhusu ndovu na nyuki nilisevu linki yake kwenye simu, nikapanga kuzisoma likizo. Kumbe kwetu Kishushe mtandao haushiki. Linki zikagoma kufunguka, nikabaki na vichwa vya makala vitupu.

“Umebeba majina, makala zenyewe umeziacha Voi!” mama akanicheka.

Kichwa kimoja kilininyima raha: ndovu mzima aogopeje nyuki? Nikawa nashinda kwenye mizinga iliyoning’inizwa kuzunguka shamba la jirani ili kuzuia ndovu, nikichungulia na kuuliza, mpaka nyuki wakaniuma sikioni.

Niliporudi Voi, linki ya kichwa hicho ndiyo niliyoifungua kwanza. Picha ya juu kabisa ilikuwa mizinga ya jirani, na nyuma yake paa la jikoni kwetu.