Ng'ombe Waliokwama Kwenye Kompyuta

Bibi mmoja alifika kwenye ofisi yetu ya mifugo, Ilongero, asubuhi kabla sijafuta hata vumbi la meza. Nilimwamkia, akaitikia huku ameshaanza kueleza. Ng'ombe wake watatu walikuwa wakitunzwa kwa jirani, kama tunavyofanya huku: mwenzako anakamua maziwa, ndama wanabaki wako. Sasa jirani amefariki, leo wanaanua matanga, na baada ya chakula cha mchana wanawe watagawana zizi. Kwenye kompyuta yetu ng'ombe wa bibi walikuwa mali ya marehemu, kwa sababu walioandikisha mifugo walimwandika kila ng'ombe kwa mwenye zizi alikolala. Kata nzima ilikuwa hivyo. Mimi mwenyewe, ambaye ng'ombe wangu wako kwa watu, kwa mujibu wa kompyuta sikuwa na hata kwato.

Mkuu wangu alikataa kumrekebisha bibi peke yake, watu wasije wakasema ana ndugu ofisini. Basi nikaanza kurekebisha kata nzima kwa mkupuo, nikifuata daftari la wenye mali. Sasa, hifadhidata kabla ya kubadilisha kitu huweka pembeni hali ya zamani, ili kazi ikiharibika kila kitu kirudi kilivyokuwa. Eneo hilo la kurudishia, aliyetufungia mfumo alilipimia kama kibuyu cha mtoto. Likajaa. Kazi ikakatika katikati, na kompyuta ikaanza kurudisha yote, taratibu kama ng'ombe mwenye mimba anayepanda mlima. Jasho lililonitoka lingeinua kina cha Ziwa Singidani.

Mkuu akasema nizime niwashe. Nikamweleza kwamba ikiwaka itaendelea kurudisha palepale, na muda utakuwa umetupotea. Bibi akataka kujua kama ng'ombe wake bado wamo humo.

"Wamo, bibi. Wanarudi nyuma kwanza."

"Wanarudi wapi? Kwa marehemu?"

Nikajifanya nasoma kioo cha kompyuta, maana ndiko walikokuwa wanarudi.

Ilipomaliza, nikapandisha ukomo wa eneo lile, nikaliruhusu likijaa lijiongezee kipande cha maana, si kile cha kuonja. Nikaanza upya. Hata kukohoa niliogopa, nisije nikalijaza. Nje bodaboda aliyemleta bibi anapiga honi. Kazi ikakamilika adhana ya adhuhuri ikiisha. Nikathibitisha, nikachapa cheti, mkuu akagonga muhuri. Bibi akaondoka nacho bila kuaga.

Chakula cha mchana nilikila simu ikiwa mkononi. Simu ilipoita, nilisikia kwanza kwato na mtu akipiga mluzi, halafu bibi akihema.

"Mjukuu wangu, wawili ninao hapa mbele. Wa tatu wamemwachia, lakini anagoma kutoka. Amezoea kule."