Kikohozi cha Ukurasa wa Nne

Ukurasa wa nne, mstari wa pili, darasa zima lilikohoa.

Mwalimu mpya akainua uso. Ilikuwa siku yake ya kwanza kwetu, darasa la pili, na alikuwa ametuomba tu tumsomee kitabu tulichokizoea. Tukasoma kwa sauti moja: "Kuku yuko juu ya meza. Mama..." khu, khu, "...anamfukuza kuku." Watoto arobaini, kikohozi kimoja, kizito, cha mzee. Akatuambia tugeuze vitabu juu chini. Tukasoma vilevile. Tuvifunge. Tukasoma, tukakohoa. Mwisho akaandika ubaoni sentensi yake mwenyewe: Meza iko juu ya kuku. Tukaikodolea macho, kisha tukamwambia kwa furaha kwamba kuku yuko juu ya meza. Akaweka chaki chini.

"Nani anakohoa?" aliuliza.

Hatukumwelewa. Ndivyo ukurasa ule ulivyosomwa.

Aliyekuwa akikohoa ni Babu yangu, na alikuwa amefariki likizo iliyopita. Miaka thelathini alifundisha darasa lile kwa namna moja: yeye anasoma, watoto wanafuata, hadi maneno yakae. Pumzi yake ilikuwa ikiishia palepale kwenye "Mama". Kifua kinambana, anakohoa, anaendelea. Nasi tukabeba vyote. Mimi, mjukuu wake, ndiye niliyekuwa kinara, nikasifiwa hadi kichwa kikavimba. Hata herufi tano nilikuwa sizijui.

Nyumba yetu na darasa vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kila asubuhi Bibi aliweka kigoda upande wake, akachambua mchele na kusikiliza. Tukifika ukurasa wa nne, alikuja kuniambia, mikono yake ilisimama. Wiki ile ya mazishi alinipa daftari la mwisho la Babu nimsomee, maana yeye, mke wa mwalimu, hakujua kusoma, na hilo alilificha mtaa mzima. Nikalifungua nikasoma nilichokuwa nacho kichwani: kuku, meza, Mama, nikakohoa. Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Akalifunga daftari kwenye kitambaa na kuliweka chini ya mto.

Mwalimu mpya alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na chaki zake ndani ya kopo la maziwa, mkali wa kimyakimya. Alituanzisha upya kwenye sauti. Mmm. Sss. Herufi moja moja, kisha kuziunganisha. Za Jumatatu alizirudia Jumatano, halafu wiki iliyofuata, tukiwa tumeshaanza kuzisahau, na kila mara daftari zimefungwa kwanza ili tujikamue vichwa. "Chovya chovya humaliza buyu la asali," alisema, nasi tukanung'unika kwamba asali yenyewe hatuioni. Mwezi wake wa nne akaleta maneno yasiyokuwepo duniani. Bemu. Luki. Zafo. Tukambandika jina: Mwalimu Bemu.

Sasa jiweke upande wa pili wa ukuta. Sauti ya mumeo imekatika. Badala yake ukuta umekuwa ukivuma kama una nyuki ndani, na leo watoto arobaini, mjukuu wako akiwemo, wanatamka polepole, bila kucheka: bemu, luki, zafo. Simlaumu Bibi hata kidogo. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu anawafundisha watoto kuita vitu vya gizani.

Wazazi walijaa darasani mchana huo, wengine wakasimama madirishani. Shauri lilikuwa moja: aondoke leo. Nami niliogopa, tena kwa uchoyo. Wiki ile nilikuwa nimesoma kibao cha duka peke yangu, na nilijua akiondoka tutarudi kwa kuku.

"Mume wangu alifundisha maneno ya watu," Bibi alisema. "Haya ni maneno ya nani?"

"Si ya mtu yeyote, mama," alijibu Mwalimu Bemu.

Watu wakaguna, jibu baya kuliko hilo sijapata kulisikia. Akajitetea haraka. "Ndiyo maana nayatumia. Hakuna aliyewahi kuwasomea, kwa hiyo hawana wa kumwiga. Mtoto akitamka bemu, ujue amesoma mwenyewe. Wataalamu walishalipima jambo hili, kwa watoto wengi."

"Hao wataalamu wako wana wajukuu?" Bibi akamkata. Akafungua kitambaa, akanipa daftari. "Soma, mjukuu wangu. Wamsikie mwalimu wa kweli."

Nikalifungua. Kuku akanijia mdomoni mwenyewe. Koo likaanza kuniwasha, na nilihisi kwamba nikifungua mdomo atakayesema si mimi. Kisha nikaliona neno la kwanza. Halikuwa kuku. Nikaweka kidole. Wa. To. To.

"Watoto hawa hawasomi," nilisoma, polepole, kwa sauti nisiyoizoea, yangu. "Wananifuata mimi tu. Leo nimewageuzia kitabu, wakaendelea. Nikikohoa wanakohoa. Naogopa. Kifua hakitanipa muda wa kuanza upya. Hata mke wangu sikumfundisha. Kila mwaka nilimwambia mwakani."

Siri ya Bibi ilikuwa imetoka hadharani, na niliyeitoa ni mimi. Lakini Bibi hakuliuliza hilo.

"Hapo hajakohoa?"

"Hapana, Bibi. Hapo ameandika tu."

Mwalimu Bemu hakuondoka. Alifundisha pale miaka kumi na tisa zaidi, na Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kigoda nyuma ya darasa, upande wetu wa ukuta, na Bibi juu yake akisema mmm kama aliyenuna.

Lakini jioni ya Ijumaa ile, kabla ya chakula, aliniomba nimsomee ukurasa wa nne kama zamani, mara moja tu. Nilitaka kumpa. Nikasoma: kuku, meza, Mama. Nikangoja. Koo lilikuwa shwari, na maneno yaliyofuata yalikuwepo palepale kwenye karatasi, nikayasoma. Bibi alingoja kidogo zaidi yangu. Kisha akageukia ukuta wa darasa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kama mtu aliyefiwa.