Mutoto Yangu Iko Wapi

Kila ninaponusa nywele bandia zikichovywa kwenye maji ya moto, narudi Brussels, kwenye zile saluni za Wakongo pale Matonge, nikiwa mtoto mgeni niliyepotezana na mama. Nililia mpaka msusi mmoja akaniketisha kitini.

"Bon, usilie, mutoto. Maman yako iko wapi?"

Kiswahili! Machozi yakakatika, nikataka hata kucheka. Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na tangu tufike hakuchoka kuwasahihisha wenyeji wetu Wakongo: "iko" ni ya sahani, si ya mtu.

Mara nikasikia sauti yake ikija, saluni hadi saluni, ikitetemeka:

"Mutoto yangu iko wapi? Jamani, mutoto yangu!"

Nikaruka kutoka kitini.

"Iko hapa, mama! Iko hapa!"