Bia ya Mnazi, Mkate wa Bibi

Sauti ilitangulia siku zote. Kabla ya mwanga, nikiwa nimechutama bafuni na kopo la maji mkononi, naisikia ikitoka upande wa shamba: "Napandaaa! Jisitirini, napanda!" Bafu letu pale kijijini Kanga, kisiwani, lilikuwa la makuti ubavuni, juu halina kitu, na mnazi wa kwanza wa shamba ulisimama nyuma tu ya ua. Aliyefika kileleni angeziona nyua zote za mtaa kama mtu anayechungulia sufuria. Kwa hiyo mgema hapandi kimya. Anapiga ukelele akiwa bado chini, anangoja kidogo, ndipo anaweka mguu kwenye kidato cha kwanza kilichochongwa shinani. Mimi najimwagia maji yaliyobaki kwa pupa, nakimbilia ndani na kanga iliyolowa, na nikiwa mlangoni nasikia kibuyu kikigonga kiuno chake, ko, ko, ko, kikipanda juu gizani.

Mgema huyo ni mjomba wangu, ingawa bibi hakumzaa. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na bibi, ambaye wakati huo alikuwa akimnyonyesha mama yangu, alimchukua akampa ziwa la pili. Kwetu hilo halina mjadala. Waliochangia ziwa ni ndugu. Mama hakujifunika mbele yake, na bibi alimkaripia kama anavyomkaripia mwanawe.

Akishuka, jagi la kwanza lilikuwa letu. Watu wa bara wakisikia tembo hufikiria ulevi tu. Tembo lililotoka alfajiri kwenye karara, ua changa la mnazi, ni tamu, jeupe kidogo, lina povu jembamba, hata mtoto analinywa. Mama alilimimina kwenye mchele uliolala majini na kusagwa, akatia tui, sukari na iliki, akafunika, akaenda zake kufagia. Akirudi, unga umepanda hadi ukingoni mwa sufuria. Hapo makaa yanawekwa chini na juu, na harufu inatoka hadi barabarani kuwaita wateja. Mkate huo wa kumimina ndio uliotusomesha. Kila khitma, kila harusi ya Kanga, watu waliagiza kwetu.

Lakini tembo halingoji. Jua likifika utosini limeshachacha, na hapo bibi haliruhusu kuvuka kizingiti. Najua wapo wanaosema linaanza kuchacha tangu kibuyuni. Bibi hakuwa na habari nao, alikuwa na pua yake. Alinusa jagi, akalitazama kidogo, akasema, "Hili halijalala." Basi, limepita. Siku akisema limelala, mama anamwaga kwenye chupa za siki na mkate hakuna, hata kama wateja wamesimama nje.

Lililobaki mjomba alikwenda nalo kwake, mwisho wa kijiji, likalale huko. Pombe ile haina mpishi, inajipika yenyewe. Walikunywa seremala, mafundi wa boti, na maofisa wawili watatu waliohamishiwa kisiwani wakakosa pa kwenda. Kikombe kilikuwa cha bei ya kiberiti na kitu kidogo. Kila Shaabani bibi alimwambia aachane na biashara hiyo, na kila Shaabani mjomba alijibu, "Inshallah, mama," kwa unyenyekevu mkubwa, na mfungo ukiisha akarudi palepale.

Nilikuwa nimeshahamia Dar es Salaam, nahangaika na riwaya yangu ya kwanza, wakati hoteli moja ya upande wa kusini ilipogundua tembo. Nasema iligundua kwa sababu ndivyo walivyoandika kwenye chupa. Walilitia kwenye mapipa ya chuma, wakalichanganya na vitu vyao, wakalipoza, wakaliita bia ya mnazi. Wageni walipenda. Mwenye shamba letu, mzee wa ukoo wenye asili ya Oman anayekaa mjini Kilindoni, kwa miaka yote alimwachia mjomba minazi ile kwa kodi ndogo na kwa kuheshimiana. Sasa akawakodishia hoteli shamba zima. Mjomba akapewa mambo mawili: ashuke moja kwa moja, au apande kwa mshahara.

Akapanda kwa mshahara. Alipewa fulana yenye picha ya mnazi, mkanda wa kujifungia, na ndoo nyeupe zenye vifuniko badala ya kibuyu. Gari lenye barafu lilimngoja chini ya shamba kabla jua halijatoka. Kila ndoo ilipimwa. Masharti yalikuwa kwamba hata tone lililobaki chini ya ndoo ni la hoteli, haligawiwi, haliuzwi, halionjwi. Na kwa kuwa watalii walikuja mara kwa mara kutazama kugema, walimwomba arudie ule ukelele mbele ya simu zao, polepole, akitabasamu. Alirudia hata akiwa hapandi. Wanawake wa nyua zote walijifunga kanga na kukimbilia ndani, wakachungulia dirishani, wakamwona mjomba amesimama chini ya mti anapigwa picha. Baada ya wiki kadhaa hakuna tena aliyekimbia.

"Mgema wa zamani akisifiwa alitia maji," seremala alinipokea kwa maneno hayo nilipokwenda likizo. "Wa siku hizi anatia pozi."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu vibaya. Kikombe cha mjomba kilipokatika, wanywaji wake walianza kujitengenezea majumbani: sukari, maji na hamira ndani ya dumu, siku chache juani, basi. Seremala alificha dumu lake chini ya vumbi la mbao kama mtu aliyeficha maiti. Mama naye alikuwa ameingia kwenye hamira. Walikutana dukani, mezani hapo hapo, pakiti ileile, mmoja wa kulewa na mwingine wa mkate, na wote wawili wakitazama pembeni.

Mkate ulipanda, siwezi kusema haukupanda. Ulipanda kwa kasi, ukawa na mashimo makubwa, na ukipoa ulikuwa na harufu ya karatasi. Bibi alitafuna kipande cha kwanza kwa muda mrefu. Halafu alikiweka kilichobaki pembeni ya sahani, akaomba chai. Hakusema kitu siku hiyo wala baadaye, na mama angependelea matusi. Wateja walisema badala yake. Wa kwanza alisema umebadilika kidogo. Wa pili aliagiza keki Kilindoni.

Dar es Salaam niliikuta ile chupa uso kwa uso. Tulikuwa na kikao cha kusomeana, waandishi saba wanane kwenye uwanja wa baa moja inayopenda watu wa aina yetu, mimi na soda yangu ya tangawizi. Rafiki yangu mshairi aliweka chupa mezani kwa uangalifu, akanigeuzia karatasi iliyobandikwa ubavuni nisome. Ilisema tembo hili linagemwa alfajiri kwa namna ya mababu, na kwamba ukisikiliza vizuri utamsikia mgema akiita. Mshairi alianza kunieleza tembo ni nini. Nilimwacha aeleze. Alieleza vizuri sana.

Ila walilalamika, kwa sababu bei ilikuwa imepanda tena. Ilikuwa imepanda mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya chupa, kisha kwa ajili ya usafiri, sasa kwa ajili ya kitu ambacho mhudumu hakukijua. Chupa moja ilikuwa sawa na mchele wa mikate ya mama ya wiki nzima. Mwandishi mmoja wa hadithi fupi alitangaza kwamba yeye amechoka kunyonywa, ameagiza ndoo, kipimajoto na hamira maalumu, na kuanzia sasa anapika bia yake jikoni kwake. Alitupigia hesabu: kwa bei ya chupa hizi chache anapata ndoo nzima. Watu walimshangilia. Mmoja aliita jambo hilo ukombozi.

"Na ladha?" nilimuuliza.

"Ya kwanza ilikuwa kama maji ya soksi," alisema, "lakini ni soksi zangu."

Tulicheka wote, nami nilicheka. Nikamfikiria seremala, ambaye anafanya kazi ileile kwenye dumu lilelile, na hakuna aliyemwita mkombozi. Usiku huo sikuandika chochote.

Bibi alifariki mwaka huohuo. Nilifika Kanga nikakuta kaburi bichi. Mama hakulia mbele ya watu. Alikuwa akipanga arobaini tangu siku ya tatu, nani atasoma, nani atapika wali, na mkate. Hapo kwenye mkate alisimama.

"Wa khitma ya mama yangu sitautia hamira ya dukani," aliniambia. "Yeye mwenyewe aliuweka pembeni ya sahani. Uliona."

Niliona.

Alimwomba mjomba jagi moja la asubuhi ya arobaini. Jagi moja tu, kama zamani. Mjomba alimwomba msimamizi wa hoteli, na msimamizi akasema kila mti una hesabu yake. Mama aliulizia kijiji cha Bweni, akaambiwa wagema wa huko nao wanapeleka ndoo kwenye gari lilelile. Kuna jamaa zetu kisiwa cha Juani wenye minazi, lakini kutoka huko kwa boti na kisha barabara hadi kwetu, tembo lingefika limelala. Hatimaye mjomba alituma ujumbe: asihangaike, yeye atamletea kitu. Mama aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Jioni hiyo aliroweka mchele mwingi kuliko nilivyowahi kumwona akiroweka.

Mjomba alikuja alasiri, siku moja kabla ya arobaini. Ukumbini walikuwapo shangazi zangu wawili wanasaga mchele, mama anakuna nazi, mimi nachambua iliki. Alikuwa bado na fulana ya kazi. Tuliamkiana, nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku akimtazama mama. Alikuwa na mfuko wa khaki, na ndani yake kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alikifungua polepole mbele ya mama, kama mtu anayefungua zawadi ya mtoto.

Ilikuwa chupa ya bia ya mnazi.

Mashine ya kusaga ilinyamaza. Shangazi mmoja alisema astaghfirullah kwa ndani kabisa, akashika tena mpini lakini hakuuzungusha.

"Nini hiki?" mama aliuliza.

"Tembo, dada. Limetoka kwenye minazi yetu hii ya nyuma. Nimemuuliza mpishi wa hoteli, anasema unga unaumuka nalo vizuri sana."

Mama aliichukua, akaigeuza, akasoma karatasi yote kuanzia juu hadi chini. Mjomba alimwangalia akisoma. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo kubwa, na kwa hesabu yake alikuwa amelifanya. Alieleza kwamba wafanyakazi hawapewi bure, bei imepanda tena, yeye amekatwa kwenye mshahara. Hakutaka kumletea ndugu yake kitu cha ovyo siku kama hii.

"Bei yake ingenunua mchele wote huu," mama alisema.

"Na zaidi."

"Alikunyonyesha, kaka. Tuliloomba ni jagi."

"Jagi siwezi," mjomba alisema. "Hii naweza."

Nadhani hapo ndipo yeye mwenyewe alisikia alichosema, kwa sababu aliinama akaanza kukunja lile gazeti, akalikunja na kulikunja hadi likawa dogo kama kiganja. Mama alimrudishia chupa. Hakuirusha, hakuiweka chini. Aliirudisha kwenye mfuko wake wa khaki kwa mkono wake mwenyewe, akausawazisha mfuko usipinduke.

"Nyumba hii inasomewa Kurani kesho," alisema. "Umeniletea ulevi nikaupike."

"Ni lilelile, dada."

"Lilelile limelala, likapakwa rangi, likapandishwa bei. Mama angekuambia kabla hujalifungua gazeti." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Kesho njoo mapema. Usije na fulana hiyo."

Mjomba alitazama vidole vyake, vile vidole vyenye makovu ya kotama, kisu cha kugemea.

"Kesho niko zamu," alisema. "Kuna wageni wanakuja kutazama."

Shangazi wa pili alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha pakiti ya hamira na kuichana kwa meno. Mama aliusikia mchano ule, lakini hakumkataza. Mchele ulikuwa umeshasagwa. Watu walikuwa wameshaalikwa.

Mjomba alisimama, akasema, "Basi, dada." Alitoka na mfuko wake ameukumbatia, asiivunje chupa. Mama alimfuata hadi ukumbi wa mbele, akangoja avuke kizingiti, akausukuma mlango, akatia komeo.