Maua Saba ya Kinamasini

Shangazi yangu alifanya kazi miaka thelathini na minne katika ghala la mimea iliyokaushwa. Alibandika mimea kwenye karatasi ngumu, akaandika pembeni iling'olewa wapi na lini. Wenzake walimwita Bi Gundi, maana ukimpa mkono ulinata. Nyumbani tulimtania kwamba mumewe hakumwacha kwa sababu alishindwa kubanduka.

Wiki yake ya kwanza kazini alitumwa kinamasini. Sheria ya ghala ilikuwa moja: kila aina sampuli tano, na uing'oe na mizizi yake. Akakuta ua dogo la buluu ambalo ghalani halikuwepo. Maua yenyewe yalikuwa saba tu. Aling'oa matano, akayatazama mawili yaliyobaki, akayang'oa nayo ili asionekane mvivu. Ofisini alipigiwa makofi. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Shangazi hayakungoja hata mtoto.

Hakuna aliyeliona ua lile tena. Kila mwaka mvua zilipokatika alikwenda kutambaa kwenye yale matope, akarudi mikono mitupu. Mchana akisinzia kitini, vidole vyake vilijikunja na kuvuta, vikajikunja na kuvuta. Nilipokuwa mdogo niliviogopa, na hata leo siwezi kusema vimenitoka akilini.

Mwaka jana malori yalianza kumwaga vifusi kinamasini, watu wajenge nyumba. Siku hiyohiyo Shangazi aliingia kwa mkuu wa ghala. Kwenye karatasi ya ua la saba kulikuwa na kibahasha chenye mbegu tisa zilizodondoka wakati wa kukausha.

"Mkuu, nipe hizo mbegu nizioteshe."

"Bi Gundi, huo ndio ushahidi pekee tulio nao."

"Ushahidi wa nini? Kwamba niliyaua?"

Mkuu alimtazama, kisha akamsukumia funguo za kabati.

Alizipanda kwenye vikopo uani kwetu. Moja baada ya nyingine zikaoza. Shangazi akaacha kula, nami uvumilivu ukanishinda, nikamwambia ua ni ua tu, aache kujiua. Najuta kulitamka neno lile.

Siku ya arobaini na moja, kopo la tisa lilikuwa na majani mawili, madogo kuliko punje ya mchele. Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Shangazi alitoka mbio, akafika kwenye kizingiti cha mlango, akasimama.

"Njoo ulione!"

"Naliona."

"Basi njoo ulimwagilie maji. Si lako hili?"

Alikuwa analia, na wala hakujificha.

"Mwagilia wewe, mwanangu," alisema. "Mimi nikilisogelea, vidole vinaanza kuvuta."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeukamata wa kulia kwa nguvu zake zote.