Kesi ya Utakatifu wa Bibi

Darasa la fundi makochi halikuwa na madawati. Wanafunzi wake, ambao ndio hao hao wanawe waliosomeshwa nyumbani, walikaa kwenye makochi ya wateja yaliyosubiri kitambaa kipya. Mwenye kochi akitokea, darasa lilibebwa mzobemzobe hadi kwenye mkokoteni, na wanafunzi wakabaki wamesimama na Amri Kumi zao. Mkewe, muuguzi, alifundisha hesabu na sayansi akitoka zamu. Fundi aliwahi kutoroka seminari ujanani kwa sababu ya njaa, si ya Neno la Mungu bali ya tumbo, kwa hiyo akakabidhiwa somo la dini: fadhila na watakatifu.

Watoto watatu, tumbo moja, na kila mmoja na dini yake. Kitindamimba, wa miaka mitano, alitaka watakatifu wenye wanyama tu. Wa katikati, aliyeitwa Profesa kwa ubishi wake, alitaka waliouawa, tena kwa kirefu: "Walipomchoma, walianzia miguuni?" Dada yao mkubwa, binti wa miaka kumi na minne, hakutaka tena chochote. Tangu bibi yao, mama yake fundi, azikwe miezi michache nyuma, maneno ya binti huyo yalitoka kwa kijiko kama dawa ya kikohozi.

Asubuhi hiyo alifunga kitabu. "Baba, mimi basi. Hawa watu wako hawajawahi hata kununa. Nitajifunza nini kwa mtu asiyenuna?"

Fundi aliacha kugonga nyundo. Saa hii moja ya somo ndiyo pekee ambayo binti bado alikaa karibu naye. Ikienda, imeenda naye.

"Subiri," alisema, misumari midogo ikiwa mdomoni. "Zamani, kabla mtu hajatangazwa mtakatifu, Kanisa liliweka mtu wa kumpinga. Kazi yake kufukua madhambi tu. Walimwita wakili wa shetani."

Binti aliinua uso. "Nipe hiyo kazi."

"Mshtakiwa ni bibi yenu."

Lilimtoka tu. Alitamani alimeze, lakini Kitindamimba alikwisha panda kwenye stuli na kipande cha sponji kichwani: tayari ni Baba Mtakatifu wa Roma. Profesa akajitwalia utetezi.

"Bibi alikuwa na subira," alianza.

"Subira? Aliyemrushia paroko kandambili?"

"Alimkosa!"

"Alimlenga."

Fundi alitema misumari haraka asije akaimeza kwa kicheko.

"Alikuwa na kiasi," Profesa akang'ang'ana.

"Alificha sukari chini ya mto, akasema anamwekea malaika mlinzi. Na kwenye karata alimwibia hata Baba Mtakatifu hapa."

"Kila siku," Baba Mtakatifu akakiri kwa huzuni.

Binti alisimama. Alikuwa amechangamka kuliko wakati wowote tangu msiba. "Aliimba nyimbo za Kwaresima siku ya Pasaka, makusudi, amuudhi mwalimu wa kwaya. Alikoroma kwenye mahubiri. Aliniamsha kuangalia kama nimejifunika, hata kukiwa na joto, hata nikimwambia bibi wee, mimi si mtoto..." Akarudi kuketi kwenye kochi. "Na aliondoka bila kuniaga. Hilo liandikwe. Hilo ni kosa."

Fundi aliweka nyundo chini, akaketi kando yake. Springi zilizochoka zikazama na kuwabwaga bega kwa bega.

"Ni kosa," alisema taratibu. "Hata mimi hakuniaga, mwanangu."

Binti akamlalia begani na kulia, kisha akafuta kamasi kwa mahameli mpya ya mteja. Ufundi ulimuuma baba yake, ubaba ukamnyamazisha.

"Tumsamehe?" Kitindamimba aliuliza kutoka juu ya stuli, sponji imemfika puani.

"Bado. Sijamaliza ushahidi. Kesho naleta ile ya mbuzi wa jirani."

"Kesho?" Profesa alidakia. "Dada, si umesema masomo basi?"

"Nikuachie wewe kesi hii? Ungeshamtangaza mtakatifu kabla ya chai."

Fundi aliinama kuokota misumari, akachelewa makusudi, mpaka macho yake yalipokauka.